McMillan: Tajiri aliyeitangaza Thika duniani na kuwafungia wenyeji mlango

KARNE moja hivi imepita tangu William Northrup McMillan azikwe katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, mashariki mwa mji wa Thika, lakini jina lake halijatoka vinywani mwa wakazi wa eneo hilo.

Ipo maktaba jijini Nairobi inayobeba jina lake. Lipo kasri la mawe chini ya mlima huo. Lipo kaburi lake ndani ya mbuga ya kitaifa. Na upo mji mzima wa Juja, ulio kati ya Ruiru na Thika, ambao jina lake lilitokana na shamba alilolimiliki Mmarekani huyo.

Wengi humwita Lord McMillan, ingawa hakuwahi kuwa lodi. Cheo alichotunukiwa na ufalme wa Uingereza mwaka 1918 kilikuwa cha Sir. Yamkini machoni pa waliomfanyia kazi, mtu aliyemiliki maelfu ya ekari na kumkaribisha aliyekuwa Rais wa Marekani mezani pake hangeweza kuwa mdogo kuliko lodi.

Wakati huu ambapo viongozi wa Thika na Ruiru wanatafuta mbinu za kuvutia wawekezaji na wageni, maisha ya McMillan yanastahili kudurusiwa upya. Yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba uwanda huu unaweza kumtoa mtu Marekani au Ulaya, akavuka bahari na kutumia fedha zake hapa. Hata hivyo, alijenga ukarimu ambao wenye nchi waliuhudumia bila kuufaidi, na kasoro hiyo haijatibiwa hadi leo.

Mrithi wa mali ya mabehewa

McMillan alizaliwa mwaka 1872 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani. Babake, William McMillan, mzaliwa wa Canada, alikuwa ametajirika kwa kuunda mabehewa ya reli wakati ambapo njia za reli zilikuwa zikitandazwa kila pembe ya taifa hilo. Kampuni yake ilikuja kuunganishwa na nyingine mwaka 1899 na kuwa mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za aina hiyo nchini humo.

Mwaka 1894 kijana huyo alimwoa Lucie Webber, mwanamke aliyekuja kuwa nguzo ya maisha yake na, baada ya kifo chake, mlinzi wa jina lake. Babake alipofariki mwaka 1901, McMillan alirithi utajiri uliomwezesha kuishi alivyotaka. Alitaka safari na uwindaji.

Jaribio lake kubwa la kwanza barani Afrika lilikuwa nchini Ethiopia. Kwa idhini ya Mfalme Menelik II, alikusudia kusafiri kwa mashua za chuma kuteremka mto Abbai, yaani Nile ya Buluu, hadi Sudan. Msafara ulianza Juni 1903, na haukuchukua muda kabla ya mashua kugongwa na miamba na kuharibiwa na mikondo ya maji. Mpango ukavunjika.

Kushindwa huko hakukumrudisha kwao. Aliielekeza safari yake kusini, kwenye himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki.

Shamba la Juja

Alifika katika wakati uliomfaa. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, kwa gharama kubwa iliyobebwa na walipa kodi wa Uingereza. Utawala wa himaya ulitaka walowezi watakaolima, kufuga na kusafirisha mazao ili reli hiyo ijilipie. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa watawala uwezo wa kugawa maeneo makubwa kwa wageni.

McMillan alijipatia karibu ekari 20,000 ukingoni mwa uwanda wa Athi. Nyumba yake, ya ghorofa moja na yenye baraza pana lililofunikwa na mimea itambaayo, ilijengwa karibu na mahali ambapo mto Nairobi hukutana na mto Ruiru. Shamba akaliita Juja. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na vinyago viwili, Ju na Ja, alivyokuwa amevitoa Afrika Magharibi.

Ardhi yenyewe haikuwa tupu. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wamaasai na Wakamba, na upande wa magharibi zilipakana na nchi ya Wakikuyu. Hata mlima uliokuwa ukionekana kutoka baraza la Juja ulikuwa na majina matatu kabla ya McMillan kuuona. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa. Wasemaji wa Kiswahili waliuita Kilimambogo, kutokana na mbogo waliojaa msituni mwake. Kwa Wakikuyu ulikuwa Kianjahi, mmoja wa milima mitakatifu iliyozunguka nchi yao.

Kama walowezi wengine wa wakati huo, McMillan alijaribu ufugaji na mazao ya namna mbalimbali. Lakini kilichomletea Juja sifa ni wageni waliofika hapo, kwa kuwa mwenyeji huyo hakubana mkono. Alikuwa mtu wa kimo kirefu na mwili mkubwa ajabu, uzani wake ukikisiwa kupita kilo 150, na meza yake ililingana na umbo lake.

Wageni wa heshima

Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika wizara ya makoloni na ambaye baadaye aliiongoza Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, alizuru nchi hii mwaka 1907 na kufika hadi Thika, mahali mito ya Chania na Thika inapokutana. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Yeye huhesabiwa miongoni mwa waliokaribishwa na McMillan.

Mgeni aliyeipa Juja umaarufu mkubwa zaidi alikuwa Theodore Roosevelt. Alikuwa ameondoka Ikulu ya Marekani Machi 1909, na mwezi uliofuata akatia nanga Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, kwa msafara uliodhaminiwa kwa sehemu na taasisi ya Smithsonian ya Washington. Mwezi wa Mei alikuwa Juja, akilala kwa McMillan na kuwinda katika mbuga za jirani. Kutoka hapo alikwenda Kamiti, karibu na Ruiru, kusaka mbogo katika ranchi ya mlowezi Hugh Heatley. Kila alipohitaji kupumzika Nairobi, nyumba ya McMillan ya mjini ilikuwa wazi kwake.

Kwa hesabu ya Roosevelt mwenyewe, yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Wapagazi waliowabebea mizigo walikuwa zaidi ya 200. Makala aliyoyatuma katika jarida moja la kwao, kisha kitabu alichokichapisha mwaka 1910, yaliwafikia wasomaji wengi, na humo majina ya Juja, Kamiti na uwanda wa Athi yalitajwa kwa urefu.

Hakuna tangazo la biashara ambalo lingenunua umaarufu wa namna hiyo. Kampuni ya Newland and Tarlton ya Nairobi, iliyomwandalia Roosevelt msafara wake, ilishamiri kwa wateja matajiri waliotaka kufuata nyayo zake. Neno safari, ambalo kwetu ni mwendo wowote, likaingia katika Kiingereza likiwa na maana ya matembezi ya kifahari miongoni mwa wanyama.

Mjini Thika nako, hoteli ya Blue Posts ilikuwa imefunguliwa mwaka 1908 katikati ya maporomoko mawili, Chania na Thika, ikiwahudumia wapita njia na walowezi. Tawi la reli kutoka Nairobi lilifika Thika mwaka 1913. Katika muda usiofika miaka kumi tangu McMillan aweke makao Juja, eneo hilo lilikuwa na barabara, reli, hoteli na jina lililojulikana ng'ambo.

Upande wa pili wa baraza

Swali ambalo vitabu vya wageni wale hayakuligusa sana ni nani aliyefaidika.

Mwindaji mgeni alilipa pauni 50 kwa leseni, ambazo kwa sarafu ya wakati huo zilikuwa rupia 750. Fedha hizo zilikwenda kwa serikali ya himaya. Malipo ya mahema, vyakula na farasi yalikwenda kwa kampuni za Wazungu na maduka ya Wahindi mjini Nairobi. Mfanyakazi wa shamba alipata rupia chache tu kwa mwezi, na sehemu ya hizo ikarudi kwa serikali kama kodi ya kibanda.

Aidha, Mwafrika hakuruhusiwa kuwinda kwa njia zake za jadi wanyama ambao matajiri walikuwa wakivuka bahari kuwaua kwa mamia. Aliyezoea kulisha mifugo kwenye nyanda hizo alijikuta akihesabiwa kuwa mvamizi au skwota.

Hali ilizidi kuwa ngumu kadiri miaka ilivyosonga. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodishwa mashamba kwa muda wa miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande. Mwaka 1921 mahakama iliamua katika kesi iliyotoka Kiambu kwamba wenyeji walikuwa wapangaji tu wa mfalme wa Uingereza, wasio na haki ya kumiliki ardhi ya mababu zao.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyompa nguvu Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, upande wa Kiambu. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi na kumiminiwa risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, akiwemo Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasiondoke.

Wakati huo McMillan alikuwa ndani ya mfumo wa utawala. Aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo halikuwa na Mwafrika hata mmoja hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Waliomfahamu walimsifu kwa upole na utu, na si haki kumbebesha peke yake dhambi za serikali nzima. Lakini utajiri wake na wepesi wa maisha yake vilisimama juu ya sheria hizo.

Vita, ugonjwa na mazishi mlimani

Vita vilipozuka mwaka 1914, McMillan alikuwa na umri wa miaka 41 na mwili usiofaa kwa mapigano. Hata hivyo, alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers na kupewa cheo cha kapteni. Katika kikosi hicho alikuwemo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, ambaye alikuwa amewahi kuwa mgeni wake. Selous aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

McMillan na Lucie walikuwa pia wamenunua Chiromo, nyumba ya kifahari iliyojengwa na Ewart Grogan jijini Nairobi. Wakati wa vita walikubali itumike kuwapumzisha maafisa waliojeruhiwa. Ni huduma hizo zilizomletea, vita vilipokuwa vikielekea ukingoni, cheo cha Sir. Chiromo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Afya yake ilidhoofika katika miaka ya baadaye. Alifariki Machi 1925 akiwa nje ya nchi, akiwa na umri wa miaka 52. Alikuwa ameagiza azikwe juu ya Ol Donyo Sabuk, mlima aliokuwa akiutazama kutoka shambani kwake.

Mwili ukarejeshwa Kenya, na safari ya mwisho ikawa ngumu kama ile ya Nile ya Buluu. Jeneza lilikuwa zito mno, nao mteremko ulikuwa mkali. Trekta lililokuwa likilivuta lilishindwa kabla ya kufika kileleni, na waombolezaji wakalazimika kumzika ubavuni mwa mlima. Lucie alizikwa hapo mwaka 1957, na kando yao yumo Louise Decker, aliyekuwa msaidizi wao wa nyumbani kwa miaka mingi. Mbwa wa familia naye alizikwa papo hapo.

Maktaba ya Lucie

Mjane huyo aliishi miaka 32 baada ya mumewe, na Chiromo ikaendelea kuwa kitovu cha walowezi. Ni hapo, Mei 1931, ambapo mwandishi Karen Blixen alipokea kutoka kwa Lucie habari za kifo cha mpenzi wake Denys Finch Hatton katika ajali ya ndege huko Voi.

Mwezi uliofuata, Juni 1931, maktaba ya kumbukumbu ya McMillan ilifunguliwa katikati mwa Nairobi, kwa fedha za Lucie na mchango wa shirika la Carnegie la Marekani. Ndiyo ya pili kwa ukongwe nchini baada ya ile ya Seif bin Salim mjini Mombasa. Sanamu za simba zinazolinda ngazi zake zinajulikana na kila mkazi wa jiji. Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake yenyewe, jambo ambalo ni nadra kwa jengo lolote.

Lakini milango yake ilikuwa kwa Wazungu pekee. Mwafrika aliyejua kusoma alipita nje ya ngazi zile kwa muda wa takriban miaka 30, hadi baraza la jiji lilipoichukua na kuifungua kwa umma katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Katika miaka ya hivi karibuni jengo hilo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, mashariki mwa jiji, yameanza kukarabatiwa na kurejeshewa uhai.

Urithi uliotawanyika

Ol Donyo Sabuk ulitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1967, na uwindaji ukapigwa marufuku kote nchini mwaka 1977. Enzi ya McMillan ikafungwa kisheria. Juja ilipata sura mpya mwaka 1981, pale chuo cha kilimo na teknolojia kilichopewa jina la Jomo Kenyatta kilipoanzishwa kwa msaada wa Japan. Mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili.

Thika nayo ilikua kwa viwanda vya nguo, vyuma na matunda hadi ikaitwa Birmingham ya Kenya, kisha ikatikisika pale soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje katika miaka ya 1990 na baadhi ya viwanda kufunga milango. Ruiru, iliyokuwa mji mdogo wa mashamba ya kahawa, ilikuwa imeipita mbali kufikia sensa ya 2019: Ruiru ilihesabiwa watu 490,120 na Thika 251,407.

Miji hii miwili inahitaji kazi za kudumu kwa vijana wake, na utalii ni mojawapo ya njia zilizo wazi. Mali ghafi haikosekani. Thika ina maporomoko yake mawili, na ina bustani ya Mugumo, ambapo mti uliohusishwa na utabiri wa Mugo wa Kibiru kuhusu mwisho wa ukoloni ulianguka mwaka 1963. Jina la mji huo lilisambazwa tena ng'ambo na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 na tamthilia ya televisheni iliyotokana nacho mwaka 1981. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa kilichozalisha aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985.

Tatizo la kwanza ni kwamba urithi huu umegawanyika. Shamba la Juja liko Kaunti ya Kiambu, kaburi na kasri viko upande wa Machakos, na maktaba pamoja na Chiromo viko Nairobi. Kila kaunti hutangaza kipande chake, wala hakuna anayemshika mgeni mkono kumpitisha mahali pote kwa siku mbili mfululizo. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, imemrahisishia mkazi wa Nairobi kwenda mlimani asubuhi na kurejea kwake jioni, bila kulala wala kula Thika.

La pili ni maji. Mto Nairobi, uliopita karibu na baraza la Juja, siku hizi hubeba uchafu wa jiji hadi mto Athi na kumwagika katika maporomoko ya Fourteen Falls, chini ya mlima alipozikwa McMillan. Watalii hukaribishwa na povu na harufu mbaya. Hakuna afisa wa utalii awezaye kuuza mandhari ya namna hiyo hadi jiji lililo juu ya mto litakapowajibika.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni la simulizi. Mgeni anayefikishwa kwenye kaburi huambiwa habari za uzani wa marehemu, trekta lililoshindwa na mbwa aliyezikwa na bwana wake. Ni nadra aambiwe kwamba mlima huo ulikuwa Kianjahi, kwamba ekari zile zilikuwa malisho ya watu, au kwamba wapagazi wa Roosevelt walitoka katika jamii zinazoishi hapa hadi leo. Vijana wa Kilimambogo, Juja na Ruiru, waliosikia habari hizo kwa mababu zao, ndio wanaostahili kufunzwa, kupewa leseni na kulipwa kuzieleza.

McMillan alifanikiwa kuleta dunia hadi Juja kwa sababu alikuwa na ardhi, mali na marafiki. Kaunti hizi tatu hazina marafiki wa aina yake, lakini zina ardhi ile ile, mlima ule ule na watu ambao wakati wake walihudumia meza bila kuketi. Mpango wowote wa utalii utakaobuniwa Thika na Ruiru upimwe kwa idadi ya watu hao watakaoketi.